Jicho na Taka Zake: Kisukari Kinavyoziba Usafi wa Seli

(Hotuba hii niliitoa Tanga, mbele ya watu wenye kisukari, ndugu zao na wauguzi wa kliniki. Naiweka yote kwa ajili ya waliokosa. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, kaka zangu, na nyie vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha, habari za asubuhi. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Nilialikwa nizungumzie macho, na kila mwaka huwa nazungumzia macho kwa namna ile ile: pimeni, msichelewe, asanteni sana, twendeni tukanywe chai. Leo nabadilisha. Kuna klipu inazunguka kwenye simu zenu. Naona mnacheka, basi mmeipata. Yupo jamaa amevaa koti jeupe, anasema mwili una mtambo wa kula uchafu wake wenyewe, na mgunduzi wa mtambo huo alipewa Tuzo ya Nobel. Anasema ukifunga siku tatu kwa maji matupu, mtambo utawaka, kisukari kitaondoka, na macho yaliyoanza kufifia yatafunguka.

Mnatarajia niseme jamaa ni mwongo. Sisemi hivyo. Mtambo upo. Tuzo ya Nobel ilitolewa kweli. Njaa inauamsha mtambo, kweli kabisa. Na bado ushauri ule unaweza kukupofusha, na unaweza kukuua hata kabla hujapofuka. Inawezekanaje maneno matatu ya kweli yazae ushauri mbaya kiasi hicho? Nipeni muda nilieleze hilo, maana ndani yake ndimo ilimo habari nzima ya kisukari na jicho.

Tuanzie mbali kidogo, Japani.

Mwaka 1988, Yoshinori Ohsumi alipata maabara yake ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Alikuwa na miaka 43. Akachagua kushughulika na kitu ambacho watu wengi hawakukijali: kifuko kikubwa kilichomo ndani ya seli ya hamira, kinachoitwa vakuoli, ambacho wengi walikichukulia kuwa dampo tu. Na hamira yenyewe ni hii hii, mama zangu, ya kuumulia maandazi. Ohsumi akachukua hamira zenye kasoro, zisizo na vimeng'enya vya kusagia vitu ndani ya vakuoli. Akazinyima chakula. Akaziangalia kwa hadubini ya kawaida. Ndani ya saa chache, vakuoli zikajaa vitone vidogo vinavyochezacheza. Hamira yenye njaa ilikuwa inafunga vipande vya mwili wake, kimoja kimoja, na kuvitupia kwenye vakuoli ili visagwe na kutumika tena. Kwa kuwa vimeng'enya havikuwepo, vilibaki pale, vikaonekana.

Alichapisha aliyoyaona mwaka 1992. Mwaka uliofuata akatoa jeni 15 zinazoendesha kazi hiyo, na baadaye ikaonekana kwamba nyingi ya jeni hizo tunazo hata sisi binadamu. Mwaka 2016 akapewa Nobel ya tiba, peke yake. Wataalamu wanaiita kazi hiyo otofajia, jina alilolitoa Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1963. Mimi leo nitasema usafi wa seli, tuelewane.

Unakwendaje usafi huo? Mnawajua vijana wa vyuma chakavu wanaopita mitaani na mikokoteni. Sufuria iliyotoboka, bati la zamani, fremu ya baiskeli, vyote wanabeba. Vinakwenda kwenye tanuri, vinayeyushwa, na sufuria inarudi sokoni ikiwa mpya. Seli nayo hufanya vivyo hivyo. Protini iliyojikunja vibaya, au mitokondria iliyochakaa, yaani kile kinachoipatia seli nishati, huzungushiwa utando mpaka inakuwa ndani ya kifuko. Huo ndio mkokoteni. Kifuko kinakwenda kuungana na laisosomu, ambayo kwetu sisi ndiyo yenye kazi ya ile vakuoli ya hamira. Hilo ndilo tanuri. Humo mzigo unavunjwavunjwa, na vipande vinarudi kutumika.

Kuna breki pia. Inaitwa mTOR. Ukila, insulini ikipanda, mTOR inabana na usafi unapungua, kwa sababu seli iko kwenye ujenzi. Njaa ikiingia, mTOR inaachia, wasafishaji wanatoka. Hapo ndipo jamaa wa klipu alipopata maneno yake.

Sasa nisikilizeni vizuri kwenye jambo moja, kwa sababu wasomi wenyewe liliwasumbua kwa miaka. Ohsumi aliviona vile vitone vimerundikana kwa nini? Kwa sababu tanuri lilikuwa limezimwa. Lingekuwa linawaka, vingesagwa na asingeona rundo. Kwa hiyo ukikuta mtaa umejaa mikokoteni, utasema kazi imechangamka au kazi imekwama? Kwa kuangalia mikokoteni peke yake huwezi kujua. Lazima uende mpaka tanurini. Watafiti walipoangalia retina, yaani sehemu ya nyuma ya jicho, za wanyama wenye kisukari wakakuta vifuko vingi, baadhi yao wakaandika kwamba kisukari huongeza usafi, wengine wakaandika kwamba kinaupunguza, na kila upande ulikuwa na picha zake. Mabishano yalipungua pale watu walipoanza kupima mwendo wa mzigo hadi mwisho wa safari, wakaacha kuhesabu vifuko tu.

Hebu turudi kwenye jicho. Kwa nini usafi huu uwe na uzito mkubwa jichoni kuliko, tuseme, kwenye ngozi ya goti?

Ngozi inajitupa yenyewe, seli mpya zinapanda kutoka chini. Retina haina nafasi hiyo. Retina ni pazia la nyuma ya jicho, ndilo linalopokea picha, na unene wake hauzidi sana robo ya milimita. Seli zake za kuona ulizaliwa nazo, na utazikwa nazo zile zitakazokuwa zimebaki. Hazizai nyingine. Halafu zinafanya kazi nzito ajabu. Kwa uzito wake, retina ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazotumia oksijeni nyingi kuliko zote, na usiku inatumia zaidi kuliko mchana. Ndiyo, usiku. Seli zinazopokea mwanga hutumia nguvu nyingi zaidi gizani. Wewe umelala, zenyewe ziko kazini.

Na kila siku, hasa asubuhi mwanga ukiingia, seli hizo hukatika ncha zake. Kiasi cha sehemu ya kumi ya ncha hutoka na kiasi hicho hicho huota upya, hata katika siku kama kumi hivi ncha nzima inakuwa imebadilishwa. Ncha zilizokatika zinaliwa na safu ya seli nyeusi zilizoko nyuma ya retina. Seli moja nyeusi inahudumia seli kadhaa za mwanga, makumi kadhaa, kila siku ya Mungu, tangu utotoni hadi uzeeni, na katika kuzisaga ncha hizo inaazima vifaa vile vile vya otofajia. Niambieni, kuna jikoni kwa nani kunakofanyiwa usafi wa namna hii bila likizo?

Ndiyo maana usafi ukiyumba, jicho huumia kimyakimya. Nitawapa mfano wa mama mmoja, jina lake simtaji. Ni fundi cherehani. Alianza kuona mishono yake imepinda. Anaweka kitambaa, anashona, akiangalia anaona mstari umeingia ndani katikati kisha umerudi. Akasema cherehani imekorofika. Akaipeleka kwa fundi wa cherehani, fundi akaifungua, akaisafisha, akamwambia mama, mashine haina tatizo. Akairudisha kwake, mshono bado umepinda. Akanunua miwani sokoni. Imepinda. Akanunua nyingine. Ni binti yake aliyeshika ile nguo na kumwambia, mama, mbona mshono umenyooka?

Alipofika kwangu nilimpa karatasi yenye mistari ya miraba, nikamwambia afunike jicho moja. Kwa jicho la kulia mistari ilikuwa imenyooka. Kwa la kushoto, katikati ilikuwa imejikunja. Nikamuuliza sukari. Akajibu, "Iko sawa tu daktari, mimi siumwi." Na kweli alikuwa haumwi! Hakuna kilichomuuma. Makula, yaani kile kitovu cha retina tunachosomea na kutungia uzi kwenye sindano, kilikuwa kimevimba kwa maji yaliyovuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu. Retina haina uwezo wa kuuma, ndugu zangu. Ingekuwa inauma kama jino, kliniki yangu ingejaa watu wenye macho mazima.

Yaliyotokea ndani ya jicho la mama yule yalianza miaka mingi nyuma, na yalianzia kwenye sukari.

Seli za misuli huingiza sukari kwa wingi pale tu insulini inapokuja. Seli za mishipa ya retina hazingoji insulini. Sukari ikijaa kwenye damu, inajaa na ndani yake, zitake zisitake. Mitokondria zinalazimika kuichoma sukari hiyo yote, na katika kuichoma zinatoa chembe kali za oksijeni zinazounguza kila kilicho jirani, zikiwemo mitokondria zenyewe. Katika seli nzima, mitokondria iliyoharibika huwekewa alama. Protini inayoitwa PINK1 hujikusanya juu yake, inaita nyingine inayoitwa Parkin, na kwa alama hiyo wasafishaji wanajua hii ibebwe.

Mwanzoni, usafi unaongezeka. Seli inajitetea. Mtu ana sukari iliyopanda, hajui, na ndani ya jicho lake wasafishaji wanakimbizana kuokoa kinachookoleka. Huenda hali hiyo ikaendelea kwa miaka. Kisha laisosomu zinaanza kuathirika. Kuta zake zinavuja, vimeng'enya vinapungua nguvu. Vifuko vinaendelea kutengenezwa na mizigo inaendelea kufika, lakini haisagwi.

Mwaka 2016 watafiti wa Campinas, Brazili, walichapisha kazi waliyoifanya kwa seli za retina zinazoitwa seli za Müller, ambazo kazi yake ni kulea neva na mishipa. Walizikuza kwenye sukari nyingi. Vifuko vilitengenezwa, tena kwa wingi. Lakini protini iitwayo p62, ambayo kwa kawaida husagwa pamoja na mzigo, ilikuwa inarundikana. Huo ulikuwa ushahidi kwamba safari inaishia njiani. Seli hizo zikaanza kufa, na kabla ya kufa zikamwaga kwa wingi kitu kiitwacho VEGF.

Kwa hiyo tatizo ni uvivu wa wasafishaji? Hapana. Tatizo si uvivu. Tatizo ni tanuri. Nitalirudia hili hata mkinichoka: tatizo si uvivu, tatizo ni tanuri.

Sasa VEGF ni nini? Ni kilio cha tishu isiyo na hewa ya kutosha, inayoomba mishipa mipya. Wakati huo huo, seli zinazoshikilia kuta za mishipa midogo, zinazoitwa perisaiti, zinakuwa zimeanza kufa. Ukuta usio na perisaiti unatuna. Tukikupiga picha ya retina tunaona vidoa vyekundu vidogo mno, kama kumi, kama ishirini, na wewe bado unaona vizuri kabisa. Baadaye vinavuja, yanabaki madoa ya njano ya mafuta. Yakikaribia makula, mshono unapinda. Mishipa mingine inaziba, retina inakosa damu, VEGF inamwagwa zaidi, mishipa mipya inaota. Na mishipa hiyo mipya ni dhaifu, ukipiga chafya au ukiinama tu inaweza kupasuka. Mtu anaamka asubuhi anaona utando mwekundu au mweusi unaelea. Huyo ndiye anayekuja mbio. Wa vidoa kumi hajawahi kuja mbio.

Kuna upande wa pili ambao klipu haiugusi. Usafi ukizidi nao unaua. Perisaiti zilipowekwa maabara kwenye mafuta ya damu yaliyoharibiwa na sukari, kwa kiasi kidogo, usafi uliziokoa. Kiasi kilipokuwa kikubwa, usafi huo huo ulishiriki kuziua. Kinachotakiwa ni kiasi. Nami nasema kama daktari anayewaona watu, si panya: mengi ya haya yametoka kwenye seli za vyomboni na kwenye panya. Yanatufundisha ugonjwa unavyokwenda. Hayajatupa bado dawa ya otofajia ya kumwekea mtu jichoni.

Ipo dawa moja iliyotamanisha watu. Inaitwa rapamaisini. Asili yake ni bakteria wa udongoni, udongo uliochukuliwa kisiwa cha Rapa Nui kule Pasifiki miaka ya 1960, na ndiyo iliyotoa jina la ile breki ya mTOR. Inaiachia breki, usafi unaamka. Zile seli za Brazili ziliponea kwayo. Basi tuigawe? Dawa hiyo hiyo hupewa watu waliopandikizwa figo ili kinga yao ilale isiikatae figo ngeni. Na kwa baadhi yao inapandisha sukari. Dawa ya kutibu jicho la kisukari inayopandisha sukari! Mnaona safari ya kutoka chomboni hadi kwa binadamu ilivyo ndefu.

Twendeni kwenye kufunga, maana najua ndiko mnakoningojea.

Mzee mmoja, mvuvi mstaafu, alipata klipu kama ile kutoka kwa mjukuu. Akafunga. Maji matupu. Lakini vidonge hakuviacha, kwa kuwa sisi wenyewe tumemwambia kila siku, mzee, usiache vidonge. Alikuwa anameza glibenklamaidi, na kazi ya kidonge hicho ni kulisukuma kongosho litoe insulini, umekula hujala. Siku ya pili jioni akaanza kutoka jasho na kutetemeka. Familia ikasema mwili unatoa sumu, klipu imesema hivyo. Usiku akaropoka maneno yasiyoeleweka. Alfajiri akaletwa akiwa amebanwa katikati ya watu wawili kwenye bodaboda. Sukari ilikuwa milimoli 1.6 kwa lita. Muuguzi alimwekea dripu ya glukosi, na baada ya dakika chache akafungua macho akauliza ngalawa iko wapi.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini tuliangalie jambo lenyewe. Klipu inadhani wasafishaji wa mzee wamelala, njaa iwaamshe. Wasafishaji wa mzee hawajalala! Wamekimbia miaka kumi na tanuri limeharibika. Ukiongeza mikokoteni mbele ya tanuri bovu, utapata nini? Na kinacholiharibu tanuri ni sukari inayopanda siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi. Siku tatu za njaa haziondoi hilo.

Msinisikie vibaya. Sisemi Waislamu wasifunge Ramadhani, wala Wakristo wasifunge Kwaresma. Wapo wengi wenye kisukari wanaofunga salama. Ila uje kliniki wiki sita hadi nane kabla, tupange dawa upya, kwa kuwa nyingine hupunguzwa na nyingine hubadilishwa saa. Wapo tutakaowaambia wasifunge: mwenye figo iliyochoka, mwenye kushukiwa na sukari mara kwa mara, mjamzito anayetumia insulini. Kujitoboa kidole kupima sukari hakubatilishi saumu, hili masheikhe wamelisema. Ikishuka chini ya 3.9, fungua hapo hapo, hata kama imebaki nusu saa magharibi iingie. Ikipita 16.6, fungua pia. Na ruhusa ya mgonjwa kulipa siku nyingine imo katika Suratul Baqara, aya ya 184. Wazee wangu mnaijua kuliko mimi.

Kama klipu haifai, kinachofaa ni nini? Hapa nitakwenda haraka kidogo, mengine mmeyasikia, lakini kuna mawili matatu ambayo huwa hatuwaambii.

Mwaka 1993 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, uliofuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza kwa wastani wa miaka sita na nusu. Kundi moja lilidhibiti sukari kwa nguvu, jingine likaendelea na matibabu ya kawaida ya wakati ule. Kwa wale walioanza wakiwa na retina safi, udhibiti mkali ulipunguza hatari ya jicho kuanza kuharibika kwa asilimia 76. Sabini na sita! Sijaona klipu yenye namba hiyo. Uingereza nao mwaka 1998 wakaonyesha, kwa kisukari cha aina ya pili, kwamba kushusha presha vizuri kulipunguza kuendelea kwa ugonjwa wa retina kwa karibu theluthi moja. Presha, ndugu zangu. Wangapi hapa mnameza dawa ya sukari na mmeacha ya presha kwa kuwa kichwa hakiumi?

Ule utafiti wa 1993 ulipokwisha, watu wote walishauriwa kudhibiti sukari, na baada ya miaka michache sukari za makundi mawili zikalingana. Ungetegemea na macho yalingane. Hayakulingana. Waliokuwa na sukari mbaya mwanzoni waliendelea kuharibikiwa zaidi kwa miaka mingi, ingawa sasa sukari yao ilikuwa sawa na ya wenzao. Mwili ulikumbuka. Moja ya maelezo yanayotolewa na watafiti ni hili hili letu: mitokondria zilizoharibika wakati ule hazikuondolewa zote, zimebaki ndani ya seli zikiendelea kutoa chembe kali. Ndiyo maana mimi humkazania zaidi mtu aliyegundulika juzi kuliko aliyegundulika zamani. Kijana uliyeambiwa mwezi uliopita kwamba una kisukari, na unasema utaanza dawa ukiona dalili, nakuomba tuonane kabla hujaondoka.

Jingine tusilowaambia: mtu mwenye sukari ya juu kwa miaka, tukiishusha kwa ghafla, retina iliyokwisha kuugua inaweza kuzidi kwa muda wa miezi kadhaa kabla ya kutulia. Hii si sababu ya kuacha sukari juu, maana mbele ya safari faida ni kubwa. Ni sababu ya kupima macho kabla ya kuanzishiwa insulini au kubadilishiwa dawa kali, ili kama kuna mishipa mibovu tuishughulikie mapema. Muulize daktari wako, "Retina yangu imeangaliwa?" Usione haya.

Ipo pia fenofibreti, dawa ya mafuta ya damu. Utafiti wa Uskoti uliotoka mwaka 2024 ulionyesha kwamba kwa watu wenye dalili za mwanzo za ugonjwa wa retina, ilipunguza kuendelea kwake kwa zaidi ya robo. Swichi ambayo dawa hii inaigusa ndani ya seli inaitwa PPAR alfa, na katika panya swichi hiyo imeonekana kuamsha otofajia. Kama hiyo ndiyo njia inayolindia jicho la binadamu, maabara zitatuambia. Faida yenyewe imepimwa kwa watu. Lakini haiendi kwa kila mtu, figo huangaliwa kwanza, kwa hiyo msikimbilie duka la dawa mkitoka hapa.

Na leza, ule mwanga mkali tunaotibia retina. Lo, leza! Nani amewaambia watu wa mji huu kwamba leza inapofusha? Baba mmoja dereva wa lori alikuwa na mishipa mipya macho yote mawili. Akapigwa leza awamu ya kwanza, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Kijiweni wakamwambia wanakuchoma macho hao. Hakurudi. Akarudi mwaka ulipopita, jicho moja limejaa damu na retina imevutwa imebanduka. Jicho lile hatukuliokoa. Lililobaki tulimaliza leza, na mpaka leo anaona, ingawa lori ameacha.

Leza inachoma kweli, sitaficha. Tunachoma sehemu za pembeni za retina. Kwa nini tuharibu retina ili kuokoa retina? Nilisema seli zile zina uchu wa oksijeni kupita kiasi. Tukipunguza walaji wa pembeni, oksijeni iliyopo inawatosha waliobaki, kilio cha VEGF kinapungua, mishipa mipya inanywea. Tangu miaka ya 1970 imethibitishwa kwamba leza hupunguza upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu kwa watu wenye mishipa mipya. Unaweza kupoteza kidogo kuona gizani na pembeni. Unabaki na uso wa mjukuu wako.

Sindano ya jicho nayo inaizima VEGF moja kwa moja. Mojawapo, bevasizumabu, ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya utumbo, na kwa kuwa jicho linahitaji tone dogo tu, chupa moja hugawanywa kwa watu wengi na bei inashuka. Mama yetu fundi cherehani alichomwa sindano kadhaa, mwezi baada ya mwezi. Ganzi inawekwa, huoni sindano ikija, unasikia msukumo tu. Uvimbe ulipungua. Si kwamba umekwisha wote, mstari bado una kona ndogo sana pale katikati, lakini anashona sare za shule na wateja hawalalamiki.

Haya, nyoosheni mikono: nani amepigwa picha ya retina mwaka huu? Sisemi miwani, nasema picha ya retina, ile ya matone ya kupanua mboni. Mmoja, wawili... saba. Kwenye ukumbi huu? Utafiti uliofanyika Nakuru, Kenya, kwa watu wa miaka 50 na kuendelea, ulikuta zaidi ya theluthi moja ya wenye kisukari wana ugonjwa wa retina, na makadirio ya dunia nzima yaliyotoka mwaka 2012 yalikuwa karibu hayo hayo. Hesabuni safu yenu, mmoja kati ya watatu, halafu mwangalie mikono iliyonyooka.

Mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe retina siku anapogundulika, kisha kila mwaka. Wa aina ya kwanza, ndani ya miaka mitano tangu agundulike, kisha kila mwaka. Mama mwenye kisukari akishika mimba, miezi mitatu ya mwanzo, asingoje.

Kamera iko chumba cha kushoto na wauguzi wako tayari. Matone yatawasha kidogo, kisha kwa saa kadhaa mtaona ukungu na jua litawachoma, kwa hiyo aliyekuja na bodaboda yake aiache hapa, ataifuata kesho. Tutaanza na wajawazito, halafu wanaotumia insulini, halafu wengine kwa namba za kadi. Wakati foleni inapangwa, mwenye swali aulize.